Jedwali linaonyesha kukata ua dume hakusaidii kuzuia kiwotoka: nimekosea wapi?

Dada_Masaka

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kuchambua data ya mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, huu ambao huku Buganda tunauita kiwotoka. Mashamba ni 30 na kila shamba limekaguliwa mashina 10, kwa hiyo jumla ni mashina 300. Data yenyewe haijaruhusiwa kutoka, hivyo namba zote hapa nimezitunga kwa ajili ya mjadala. Sura ya majedwali lakini ni ileile.

```
                     Yenye ugonjwa   Mazima   Jumla
Ua dume limekatwa         43            97      140
Ua dume halijakatwa       42           118      160
Jumla                     85           215      300
```

Waliokata wana asilimia 30.7 ya ugonjwa, wasiokata asilimia 26.3. Kai-skwea (kipimo cha kama tofauti hii inaweza kuwa bahati tu) imetoka 0.73, thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hii kwa bahati, ni 0.39. Kila bwana shamba anasema kukata empumumpu (ndilo hilo ua dume) ni kinga, sasa jedwali langu mbona linakataa, tena linaelekea upande wa pili?

Nina mengine mawili. Jedwali la asili ya miche lina mistari minne na baadhi ya vyumba (visanduku vya namba) vina namba ndogo sana, na programu inaniandikia onyo chini yake. Halafu kuna wakulima 60 walioulizwa kama wanasafisha panga kwa jiki au moto, mara moja kabla ya mafunzo na mara moja baada yake. Niliweka majibu 120 kwenye jedwali moja nikafanya kai-skwea. Mwenzangu ananiambia nimekosea ila hasemi kwa nini.

---

MwanaTakwimu_Mbarara

Dada, hesabu yako ya kwanza ni sahihi. Nimeirudia kwa mkono: hesabu tarajiwa (ambayo ingetokea kama kukata hakuna athari) ya chumba cha kwanza ni jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu, yaani 140 × 85 ÷ 300 = 39.67. Wewe una 43, tofauti ni 3.33. Kwenye jedwali la mbili kwa mbili tofauti hiyo ni ileile katika vyumba vyote vinne, inabadilika alama tu. Ukiipandisha mraba, ukaigawa kwa kila hesabu tarajiwa na kujumlisha, unapata 0.73. Mpaka wa nyuzi huru 1 (idadi ya vyumba vinavyoweza kubadilika jumla zikibaki zilezile) kwa kiwango cha asilimia 5 ni 3.84, na wewe uko mbali nao.

Tatizo ni kwamba umechanganya migomba ya aina tofauti kwenye chungu kimoja. Tenganisha Kayinja (ndizi za pombe) na matooke (ndizi za kupika), ulete majedwali mawili badala ya moja, halafu tuendelee.

---

Dada_Masaka

Asante mwalimu. Haya hapa.

```
KAYINJA              Yenye ugonjwa   Mazima   Jumla
Limekatwa                 40            60      100
Halijakatwa               24            16       40

MATOOKE              Yenye ugonjwa   Mazima   Jumla
Limekatwa                  3            37       40
Halijakatwa               18           102      120
```

---

MwanaTakwimu_Mbarara

Sasa soma asilimia kwa mstari. Kayinja: 40 dhidi ya 60. Matooke: 7.5 dhidi ya 15. Ndani ya kila aina, waliokata wana ugonjwa kidogo. Ukijumlisha, picha inageuka. Yule aliyekata ana Kayinja 100 na matooke 40. Asiyekata ana Kayinja 40 na matooke 120. Mstari wako wa kwanza umejaa mgomba unaougua sana, na wa pili umejaa mgomba unaougua kidogo. Jedwali la jumla lilikuwa linalinganisha Kayinja na matooke huku likijifanya linalinganisha kukata na kutokukata. Mwanatakwimu Udny Yule aliliona jambo hili tangu 1903 na mwenzake Simpson akaliandikia makala mwaka 1951, ndiyo maana jina lake limelishikilia.

Usifanye kai-skwea mbili na kuripoti p mbili. Kila tabaka (hapa, kila aina ya mgomba) lina mashina machache na nguvu ya data inagawanyika bure. Tumia kipimo cha Mantel na Haenszel cha 1959, ambacho kinalinganisha ndani ya kila tabaka kwanza kisha kinakusanya ushahidi. Kwa mkono ni hivi.

Chukua chumba cha "limekatwa na lina ugonjwa" tu. Kayinja: tarajiwa ni 100 × 64 ÷ 140 = 45.71, halisi ni 40, pungufu 5.71. Matooke: 40 × 21 ÷ 160 = 5.25, halisi ni 3, pungufu 2.25. Jumla ya pungufu ni 7.96. Varansi (kipimo cha mtawanyiko) ya kila tabaka ni jumla nne za pembeni zikizidishwa pamoja, gawanya kwa n mraba mara n kasoro moja. Kayinja inatoa 7.14 na matooke 3.44, jumla 10.58. Basi 7.96 mraba gawanya kwa 10.58 ni 5.99, p ni 0.014.

Ukiiendesha kwenye programu ya takwimu ya R kwa `mantelhaen.test` utaona 5.26 na p 0.022, usishtuke. R kwa kawaida inapunguza nusu kwenye ile 7.96 kabla ya kuipandisha mraba. Ukitaka 5.99 andika `correct=FALSE`. Chagua moja kabla ya kuangalia matokeo, na uandike kwenye ripoti umetumia ipi.

Odi ni wagonjwa gawanya kwa wazima; uwiano wa odi ni odi ya waliokata gawanya kwa ya wasiokata. Wa Kayinja ni (40 × 16) ÷ (60 × 24) = 0.44, wa matooke ni (3 × 102) ÷ (37 × 18) = 0.46. Zinakaribiana mno, kwa hiyo ni halali kuzikusanya kuwa namba moja: 0.45, na kipindi cha uhakika cha asilimia 95 ni 0.23 hadi 0.86. Kama moja ingekuwa 0.4 na nyingine 2, usingeruhusiwa kuzikusanya; ungeripoti kila aina peke yake na kueleza kwa nini zinapishana. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ya `cc` yenye chaguo la `by` inakupa uwiano wa kila tabaka, wa pamoja, na kipimo cha kama zinafanana.

Tahadhari moja ya lugha. Odi 0.45 usiitafsiri kuwa "ugonjwa umepungua kwa asilimia 55". Kwa Kayinja ugonjwa ni 40 dhidi ya 60 kwa mia, yaani theluthi mbili. Ugonjwa ukiwa mwingi, uwiano wa odi hukaa mbali na 1 kuliko uwiano wa asilimia, na msomaji asiyejua atadhani kinga ni kubwa kuliko ilivyo. Weka asilimia zote nne kwenye ripoti kando ya odi.

---

BwanaShamba_Luwero

Niongeze upande wa shamba, kwa sababu hapa namba zinategemea sana mgomba unavyoishi.

Kayinja hudondosha maua ya kiume na majani yanayoyafunika, na kila kinapodondoka hubaki kidonda kibichi chenye utomvu. Nyuki na wadudu wengine hufuata hapo, wakitoka mgomba mgonjwa wanaleta bakteria kwenye kidonda cha mgomba mzima. Ndiyo sababu ugonjwa huu, ulipotangazwa Mukono mwaka 2001, ulienda mbio kwenye Kayinja. Kwenye matooke mambo si mamoja. Nakitembe kwa mfano hushikilia maua yake hayadondoki, hivyo mara nyingi hukwepa maambukizi ya wadudu. Huko njia kubwa ni panga na miche. Kwa hiyo dada, hilo tabaka lako la "matooke" bado ni mchanganyiko. Kama fomu ilirekodi jina la aina, litenganishe tena angalau Nakitembe na zingine, mradi namba zinaruhusu.

La pili, swali lako la "amekata au hajakata" linaficha mambo mawili makubwa. Kukata kunakolinda ni kule kunakofanywa mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Aliyekata wiki kadhaa baadaye, wadudu wameshapita. Na aliyekata kwa panga asiyoisafisha amehamisha ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Wote hao kwenye fomu yako ni "ndiyo". Ukichanganya "ndiyo" nzuri na "ndiyo" mbaya, faida ya kukata inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kama kuna taarifa ya muda, tengeneza ngazi tatu: hakukata, alichelewa, alikata mapema. Hapo utumie kipimo cha mwelekeo cha Cochran na Armitage, maana ngazi zina mpangilio na kai-skwea ya kawaida haiujui. Kwake "alichelewa" na "mapema" ni majina tu, ukiyabadilishana nafasi inatoa jibu lilelile.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Wakulima wengi huanza kukata baada ya kuona ugonjwa umeingia kwa jirani au kwao. Basi ugonjwa ndio uliowaleta kwenye kukata. Na shina lililong'olewa kwa sababu ya kiwotoka halipo siku ya ukaguzi, halihesabiwi popote. Mkulima makini anayeng'oa haraka ataonekana ana mashina mazima tu. Hakuna kipimo cha takwimu kitakachorekebisha hilo kama fomu haikuuliza mambo mawili: ulianza kukata lini, na mashina mangapi umeng'oa msimu huu. Rudi kwenye fomu uangalie. Kama hayapo, liandike kama pengo la utafiti kwa maneno wazi.

---

Hesabu_Gulu

Wakuu mmesema vizuri, lakini ile p ya 0.014 mimi siikubali bado. Dada amesema mashina 10 kwa kila shamba. Kai-skwea na Mantel-Haenszel zote zinadhani kila shina limesimama peke yake, kana kwamba umeokota mashina 300 kutoka mashamba 300. Mashina ya shamba moja yana panga moja, miche ya asili moja, jirani mmoja. Moja likiugua, la pili lina nafasi kubwa ya kuugua. Taarifa uliyonayo ni pungufu ya 300.

Pungufu kiasi gani? Kipimo cha haraka ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni mashina kwa shamba na ρ ni kiasi mashina ya shamba moja yanavyofanana. Tuseme ρ ni 0.1. Unapata 1 + 9 × 0.1 = 1.9. Gawanya 5.99 kwa 1.9, inabaki 3.15, na p inapanda hadi 0.076. Kipindi cha uhakika kinatanuka kutoka 0.23–0.86 hadi takriban 0.18–1.10. Na kwa ugonjwa unaoambukiza kwa panga, ρ ya 0.1 si ya kutia chumvi. Ikiwa ni 0.2, kigawanyo ni 2.8.

Hilo ni kadirio la upande mkali. Kama ndani ya shamba moja kuna mashina yaliyokatwa na yasiyokatwa, sehemu ya ulinganisho inafanyika ndani ya shamba lenyewe na adhabu inapungua. Kama kila mkulima anakata yote au hakati hata moja, adhabu yote inakuangukia. Kwa hiyo fungua data kwanza uone ni hali ipi.

Njia sahihi: faili liwe na mstari mmoja kwa kila shina, na safu ya namba ya shamba. Wengi huhifadhi jedwali lililokwisha kujumlishwa tu, na hapo namba ya shamba imepotea, huwezi kurudi nyuma. Kwenye Stata anza na `svyset` ukitaja shamba, kisha `svy: tabulate`, kwenye R kifurushi cha `survey` kina `svychisq`. Zote mbili hurekebisha kai-skwea kwa njia ya Rao na Scott. Kwa swali lako lenye aina ya mgomba ndani yake, afadhali regresheni ya logisti (modeli ya jibu la ndiyo au hapana): ugonjwa upande wa kushoto, kukata na aina upande wa kulia, makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa kadirio) yakihesabiwa kwa shamba. Mashamba 30 ni machache kidogo kwa makosa sanifu ya namna hiyo, huwa yanatoka madogo kupita kiasi, kwa hiyo tumia toleo lenye marekebisho ya sampuli ndogo.

---

MwanaTakwimu_Mbarara

Kaka wa Gulu yuko sahihi kabisa, nilipaswa kuanza na hilo. Dada, hesabu yangu ichukue kama ya kukuonyesha jinsi matabaka yanavyofanya kazi. Ya kuripoti ni ya kwake.

Lete jedwali la miche.

---

Dada_Masaka

```
Asili ya miche       Yenye ugonjwa   Mazima   Jumla
Shamba lake               46           122      168
Jirani                    35            69      104
Mradi                      3            15       18
Maabara                    1             9       10
Jumla                     85           215      300
```

Nilitaka kuunganisha Mradi na Maabara ili onyo liondoke.

---

MwanaTakwimu_Mbarara

Usiunganishe. Onyo linahusu hesabu tarajiwa, si hizo 3 na 1 unazoziona. Tarajiwa ya Mradi ni 18 × 85 ÷ 300 = 5.1, imepita 5. Ya Maabara ni 10 × 85 ÷ 300 = 2.83. Vyumba ni vinane na ni kimoja tu kilicho chini ya 5, yaani asilimia 12.5. Kanuni ya Cochran ya 1954 inaruhusu hadi asilimia 20 ya vyumba kuwa chini ya 5, mradi hakuna kilicho chini ya 1. Uko salama. Programu huandika mstari ule kila mara kama taarifa, na watu wengi wanauona kama kosa.

Kai-skwea yako hapa ni 4.39 kwa nyuzi huru 3, p takriban 0.22. Ukiwa na wasiwasi, endesha kipimo halisi cha Fisher, au `chisq.test` yenye `simulate.p.value=TRUE` na marudio 10,000. Majibu yakikubaliana, wasiwasi umekwisha.

Kuunganisha mistari kunaruhusiwa pale inapofanana kwa maana, na uamuzi uwe umefanyika kabla ya kuona ugonjwa uko wapi. Miche ya maabara hutoka kwenye chupa ikiwa safi. Miche ya mradi inaweza kuwa imechimbwa popote. Ukiviweka pamoja umefuta swali ulilokwenda kuliuliza shambani. Na jirani, aliyezidi tarajiwa kwa 5.5, mabaki yake sanifu (tofauti hiyo ikipimwa dhidi ya mtawanyiko wa kawaida) ni 1.49 tu, chini ya 2, usimhukumu bado. Hoja ya mashamba inahusika hapa pia, kwa nguvu zaidi, maana asili ya miche kwa kawaida ni moja kwa shamba zima.

---

Hesabu_Gulu

Kuhusu swali la panga, mwenzako ana haki. Wakulima ni 60 wakajibu mara mbili. Hakuna watu 120. Jedwali lako liwe la kabla kwa baada:

```
                   Baada: ndiyo   Baada: hapana
Kabla: ndiyo            18              6
Kabla: hapana           21             15
```

(Namba nimezibuni, weka zako.) Wale 18 na 15 hawakubadilika, hawasemi chochote kuhusu mafunzo. Kipimo cha McNemar cha 1947 kinatazama waliohama tu: 21 walianza kusafisha, 6 waliacha. (21 − 6) mraba gawanya kwa 27 ni 8.33, p 0.004. Waliohama wakiwa wachache, chini ya 25 hivi, tumia hesabu halisi ya binomia: kama mafunzo hayana athari, kila aliyehama ni kama sarafu iliyorushwa. Kwa 6 kati ya 27 inatoa 0.006.

Ili upate jedwali hili lazima kila fomu ya kabla iwe na namba ya mkulima inayolingana na ya baada. Kama fomu hazikuwekwa namba, huna jozi, na McNemar haifanyiki.

---

Dada_Masaka

Nimeangalia. Fomu zina namba. Safu ya idadi ya mashina yaliyong'olewa ipo, ya tarehe ya kuanza kukata haipo. Mashamba 22 kati ya 30 yamekata kote au hayajakata kabisa.

Kwenye ripoti niandike kukata kunasaidia au la?

---

BwanaShamba_Luwero

Andika hivi, ukiweka namba zako: "Ndani ya Kayinja na ndani ya matooke, mashina yaliyokatwa ua dume yalikuwa na ugonjwa kidogo kuliko yasiyokatwa (asilimia 40 dhidi ya 60, 7.5 dhidi ya 15). Uchambuzi uliozingatia kwamba mashina yalitoka mashamba 30 hautoshi kuondoa uwezekano wa bahati. Muda wa kuanza kukata haukurekodiwa." Kisha weka jedwali la mashina yaliyong'olewa kwa kila shamba kwenye kiambatisho, waliokata upande mmoja, wasiokata upande wa pili.

---

Hesabu_Gulu

Na kwa awamu ijayo: mashina 5 kwenye mashamba 60 yatakupa zaidi kuliko 10 kwenye 30, kwa idadi ileile ya 300. Kwa ρ ya 0.1 kigawanyo kinashuka kutoka 1.9 hadi 1.4. Mafuta ya pikipiki yataongezeka, yaweke kwenye bajeti mapema.